Zizi la Noel

3 Aprili

Idd imepita, mvua imeanza, na mimi nimeanza daftari. Naandika kwa sababu watu wa Migomani husema jambo asubuhi, likifika adhuhuri wanalikana. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa shule, na nimechoka kuambiwa, "Bi Mwanvita, hukusikia vizuri." Masikio yangu ni mazima. Sasa nitaandika nani kasema nini.

Jambo lenyewe ni hili. Watoto wetu wanasoma ng'ambo ya mto. Kiangazi mto ni mchanga mtupu, lakini masika unajaa, na watoto ama wanabaki nyumbani ama wanavuka roho mkononi. Mwaka juzi tulimtoa majini Samia, binti wa jirani yangu, akiwa ameng'ang'ania mzizi. Ndiyo maana tunajenga shule upande huu. Msingi umeshajengwa, kuta bado. Mjukuu wangu Adila yuko darasa la pili, na nataka amalize la saba bila kulowa.

5 Aprili

Msaragambo wa kubeba mawe. Wamekuja nusu ya watu tuliowatarajia, na nusu ya hiyo nusu walikuja kutazama.

Fundi wetu ni Noel. Ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja kukata mkonge, yeye akazaliwa hapa hapa, na sisi Wakwere ni watani zake tangu enzi za mababu. Mtani hana adabu, na wala hatakiwi kuwa nayo. Leo alipanda juu ya msingi akapiga kelele: "Bebeni, Wakwere, bebeni! Babu zangu waliwaletea pembe kichwani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, hakuna aliyewapa hata kata ya kuwekea mzigo. Leo zamu yenu!" Tulicheka mpaka tukatua mawe.

Mkewe Scola hakuja kutupikia uji kama ilivyo kawaida yake. Anaumwa figo, na kila mara anapelekwa Dar. Sijui nauli wanapata wapi, maana Noel tunamlipa kwa ahadi.

8 Aprili

Mvua kutwa. Sijatoka.

9 Aprili

Mvua. Rukaya amekuja kuomba chumvi. Rukaya ana duka, na chumvi anauza yeye mwenyewe. Alikuja kupeleleza nini?

12 Aprili

Nilijua tu. Kwenye kiwanja kinachopakana na msingi wetu zimesimikwa nguzo. Mwenye kiwanja ni mfanyabiashara wa Bagamoyo mjini, anaitwa Alawi, alikinunua mwaka jana kwa warithi. Nimemfuata palepale. Kijana ana heshima, nikaiogopa heshima yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajenga nini?"

"Sehemu ya mapumziko, mama. Ya familia."

"Hizo familia zitakunywa nini?"

"Soda, mama."

"Na nini?"

Akatazama viatu vyake. "Na vinywaji vingine."

Watu wa hapa tunapumzika vitandani. Mapumziko yanayohitaji makreti nayajua.

14 Aprili

Nimevuka kwenda kumwona Mwalimu Klementina, mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo. Yeye ndiye anayetufuatilia usajili wa shule mpya halmashauri. Amenieleza kwamba baa haipewi kibali karibu na shule, lakini shule nayo haisajiliwi karibu na baa. "Kwa hiyo ni mbio, Bi Mwanvita. Atakayetangulia kuandikwa ndiye atakayebaki."

Nimemuuliza kama Alawi anayajua hayo. Akasema, "Nadhani anayajua kuliko sisi."

Mwalimu ni mtu wa Songea, anaongea taratibu mno. Anayeongea taratibu anachagua maneno, na anayechagua maneno yapo mengine ameyaacha. Nimerudi sina raha.

19 Aprili

Mkutano wa kijiji, na leo nitaandika mpaka mkono uume.

Mikdad, mwenyekiti wetu, alianza kwa kutuambia kwamba bwana Alawi ameomba kibali cha kuuza pombe na kwamba wananchi tunatakiwa kutoa maoni. Rukaya akainuka wa kwanza. Akasema vijana watapata kazi, kijiji kitapata ushuru, na wanaume wanaokunywa tembo la mnazi vichakani kwa kujificha watakunywa mahali penye choo. Baadhi ya wanaume wakainamisha vichwa. Nawajua kwa majina, na wengine tunaswali nao msikiti mmoja.

Nikasema sheria hairuhusu pombe ubavuni mwa shule. Mikdad akasema, "Bi Mwanvita, tusemane ukweli, pale hakuna shule. Pana msingi, na msingi si shule."

"Kama msingi si shule," nikamwambia, "basi na wewe ulipokuwa tumboni mwa mama yako hukuwa mtu."

Watu wakapiga makofi, nami nikajiona nimeshinda. Mikdad hakucheka. Akasema halmashauri wameshatuma maofisa kukagua, na taarifa yao inasema hivi: kwa maelezo ya mwenyeji waliyemkuta, eneo lile halina shule.

Kelele zikazuka. Maofisa walikuja lini? Mwenyeji gani? Nani kati yetu amesimama juu ya msingi tuliouchimba kwa mikono yetu akasema si shule? Kila mtu akawa anamtazama jirani yake. Nikamtazama Rukaya, na Rukaya akafunga upya ushungi wake.

Hapo Noel akasimama, kofia mkononi. "Msihangaike, ni mimi! Walinikuta pale, wakaniuliza hili ni jengo gani. Nikawaambia ni zizi la ng'ombe wangu. Nikapewa changu mfukoni. Wakwere nimeshawauza, na bei yenu ilikuwa ndogo!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akalia kama ng'ombe. Hata mimi, pamoja na hasira zangu, nilijifuta machozi. Nikamwambia, "Mnyamwezi, huna hata mbuzi, utakuwa na zizi la ng'ombe?" Akanitazama, akakaa. Mkutano ukafungwa bila uamuzi.

Lakini mimi silali kwenye jambo hili. Taarifa imesema mwenyeji. Yuko mwenyeji hapa amekula pesa, na nitamjua.

20 Aprili

Nimemuuliza Rukaya uso kwa uso. Ameapa kwa Mola kwamba siku ya ukaguzi iliyoandikwa kwenye taarifa alikuwa Saadani kuchukua samaki wakavu. Nimeuliza kwa wengine. Kweli alikuwa Saadani. Basi si yeye, au yuko na mwenzake.

22 Aprili

Mto umejaa. Adila hakwenda shule. Ameshinda akichora ng'ombe ukutani kwa mkaa, na kila akimaliza mmoja anasema, "Bibi, huyu wa Mzee Noel."

24 Aprili

Nimemwona!

Saa za alasiri mvua ilipopungua, gari la Alawi lilisimama njiapanda, na aliyeshuka ni Mwalimu Klementina na mkoba wake. Alawi akashuka pia, akamfungulia mwavuli. Wakazungumza kidogo, Mwalimu akatikisa kichwa, wakaagana kwa mkono.

Sasa nimeelewa. Nani anayejua njia zote za halmashauri? Nani aliyeniambia ni mbio, naye ndiye aliyeshika kiatu cha mkimbiaji? Nina hasira, na nina furaha pia, ile furaha mbaya ya mtu aliyehisi jambo akalikuta.

27 Aprili

Noel amepita na kilo ya mchele, shukrani kwa muhogo niliompelekea Scola. Hali ya Scola si nzuri. Nimemkaribisha chai, akakaa kizingitini.

"Mtani," akasema, "nimewauza Wakwere."

"Umeshatuuza mara ngapi? Bidhaa gani hii haiishi?"

"Nasema kweli. Msinitafutie mtu mwingine."

"Noel, leo sina nafasi ya utani. Mwizi wangu nimeshampata." Nikamwambia habari za Mwalimu na gari. Akatikisa kichwa, akasema Mwalimu hana kosa. Nikacheka. "Na wewe unamtetea kwa sababu mnasali kanisa moja." Chai yake hakuimaliza.

3 Mei

Mkutano wa pili. Nimesema.

Nilisimama mbele ya watu wote, Mwalimu Klementina akiwa amekaa benchi la mbele na wanafunzi wake wakichungulia dirishani, nikasema nilichokiona. Gari, mwavuli, mkono. Nikasema mtu tuliyempa shule yetu aitetee ndiye aliyekwenda kusema haipo.

Mwalimu akasimama. Akasema siku ile alitoka halmashauri kusukuma usajili, mvua ilimkuta kituoni, Alawi akampa lifti, na njia nzima alikuwa akimsihi ahamishe baa yake aipeleke barabarani. "Alikataa," akasema. "Ndiyo nilikuwa natikisa kichwa." Kwa sauti ile ile ya taratibu.

Hakuna aliyemwamini, kwa sababu mimi nilisema kwa nguvu na yeye alisema polepole. Akina mama wakaanza kuguna. Mmoja akapiga kelele, "Mla rushwa!" na watoto dirishani wakalirudia neno kama wanavyorudia kila wanachosikia. Mwalimu akachukua mkoba wake akatoka.

Nilimtafuta Noel kwa macho anisindikize na mzaha wowote. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

6 Mei

Mvua. Watu wananisifu njiani. Sifa zao sizipendi, wala sijui kwa nini.

8 Mei

Mwalimu Klementina ameomba likizo na uhamisho. Amekwenda kwa dada yake Lugoba. Kazi ya usajili amemwachia msaidizi wake, ambaye hata mlango wa ofisi yenyewe haujui.

Mtu asiye na hatia hakimbii. Nimeliandika hilo, kisha nimelitazama, na sina hakika nalo.

11 Mei

Scola amefariki asubuhi. Innalillahi. Alikuwa mwanamke mwema. Sijawahi kumshuku kwa lolote, na sina wengi wa kusema hivyo.

12 Mei

Tumemzika Scola. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Msiba wa Mnyamwezi ni kazi yetu Wakwere. Watani ndio wanaochimba, wanaopika, na wanaowazuia wafiwa wasizame kwenye kilio. Wenzetu walishaanza: mmoja alilala kwenye njia ya kaburini akidai hapiti mtu mpaka apewe kuku, mwingine alikuwa akimkaripia padri kwamba anachelewesha ugali. Watu wanalia huku wanacheka. Ndivyo inavyotakiwa.

Mimi nikapewa nafasi ya kumwigiza marehemu. Nikavaa kitenge chake, nikafunga kilemba kama alivyokuwa akifunga, kimeegemea sikio, nikashika mwiko wake, nikatembea kwa ule mwendo wake wa kuvuta mguu. Watu wakapiga vigelegele, "Scola amerudi!" Nikamfuata Noel alipokaa, nikamwelekezea mwiko.

"Noel! Mume wangu! Mimi nimekwenda Dar na kurudi, Dar na kurudi, kama mke wa waziri. Pesa ulipata wapi? Mifuko yako naifua mimi, ndani hamna ila mchanga. Umeuza nini, Noel? Umewauza Wakwere?"

Vicheko vikapaa. Nami nikangojea jibu lake, maana Noel hashindwi jibu.

Akanitazama. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anakitazama kitenge. "Ndiyo, mke wangu," akasema. "Ndiyo, Scola. Nimewauza." Akateleza kutoka kwenye kigoda akakaa kwenye tope.

Watu wakazidi kucheka, wakasema Noel leo kapatikana, kaigiza vizuri kuliko Mwanvita. Mimi mwiko ulinidondoka. Nilikuwa karibu yake kuliko wote, na uso ule niliuona.

13 Mei

Nimekwenda kwake asubuhi. Alikuwa anafagia. Nikamwambia, "Niambie."

Akaniambia. Alawi ndiye aliyekuwa akilipia safari za hospitali tangu mwaka jana. Hakudai kitu. Mpaka siku maofisa walipokuja, kila mtu akiwa shambani anapanda, wakamkuta Noel peke yake juu ya msingi. Alawi alikuwa nao. Walipouliza, Alawi hakusema neno, alimtazama Noel tu. Noel akasema ni zizi la ng'ombe wake.

"Nilidhani watacheka," akasema. "Zizi gani lina vyumba saba? Wakaandika."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaacha kufagia. "Mtani, nilikwambia. Nimesema mkutanoni mbele ya watu wote. Nimekuja mpaka kizingitini kwako. Nilikuwa naogopa kusema kama watu wengine wanavyosema, nikasema kwa namna ninayoiweza, nikitumaini mmoja wenu atanishika mkono aniambie, Noel, hilo si la utani. Nilikutegemea wewe, wewe unayemshuku kila mtu. Mimi peke yangu hukunishuku."

Na yule Mwalimu wa watu nimemwanika mbele ya wanafunzi wake. Nimeona haya mpaka mwilini.

15 Mei

Afisa wa halmashauri anakuja tarehe 18 kumaliza suala la kibali. Noel ameahidi atasimama aseme ukweli. Nimempigia simu Mwalimu Klementina.

"Mwalimu, nimekukosea. Nakuomba radhi. Njoo tarehe 18 useme kwamba msingi ni wa shule, wewe watakusikiliza."

"Bi Mwanvita, ungeniuliza tu. Siku ile njiapanda. Ningekujibu."

"Najua."

"Radhi nimeipokea. Lakini mbele ya watu wale sirudi. Watoto niliowafundisha kusoma waliniita mla rushwa. Nenda kaseme wewe."

18 Mei

Afisa ni kijana wa miwani, hakuwa miongoni mwa waliokuja mara ya kwanza. Nilifurahi, nikadhani mgeni ana masikio mapya. Alawi amekaa pembeni na shati jeupe.

Afisa akasema shauri lenyewe ni jepesi. Kama msingi ule ni wa shule, kibali hakitolewi. Lakini taarifa aliyonayo inasema mwenyeji alikana, na neno la kamati peke yake halitoshi kuifuta; anataka mwenyeji yule mwenyewe, au mwalimu mkuu anayefuatilia usajili. "Je, mwenyeji huyo yupo hapa? Kama yupo na amebadili maelezo yake, nitayachukua."

Noel akasimama. Alivaa suti yake ya kanisani, ile aliyomzikia mkewe. "Ni mimi, mheshimiwa. Walinikuta pale nikawaambia ni zizi la ng'ombe wangu. Nilisema uongo. Ni shule. Nimeijenga mimi mwenyewe."

Nyuma kule mtu akalia, "Mooo!"

Mkutano ukapasuka. Watu wamemzoea, na walikuwa wanaungojea mzaha wake tangu mkutano unaanza. Wengine walidhani ameanza kupata nafuu ya msiba, wakafurahi kwa ajili yake. "Jamani, msicheke," akasema, na wakacheka. "Nisikilizeni, nawaomba," na mama mmoja akapiga kigelegele. Machozi yakamtoka Noel, nao wakapiga makofi.

Afisa akavua miwani. "Mwenyekiti, hatukuja kwenye maigizo."

"Utusamehe, mheshimiwa," Mikdad akasema, na yeye anacheka. "Huyu ni mtani wetu."

Nikasimama. "Mheshimiwa, anasema kweli. Ndiye yeye. Mimi ni katibu wa kamati, nimesikia kwa kinywa chake."

Kicheko kikakatika, nikadhani wamenielewa. Mikdad akaniangalia kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Bi Mwanvita, mwezi uliopita ulisema ni Rukaya. Juzi ukasema ni Mwalimu, mpaka Mwalimu akatukimbia. Leo ni huyu mfiwa, hata arobaini ya mkewe bado. Kesho utasema ni mimi. Kaa, mama."

Rukaya akaguna. Watu wakaitikia. Mimi ambaye nilijua, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze, nilijua kweli, nilibaki nimesimama sina wa kunisikiliza.

"Mwalimu mkuu yupo?" afisa akauliza.

Hakuna aliyejibu. Akaandika. Alawi alikuwa anatazama viatu vyake.

19 Mei

Mvua.

23 Mei

Kibali kimetoka. Nguzo za Alawi zimeezekwa. Msaidizi wa Mwalimu amesema ombi la usajili limerudishwa, tutafute eneo lingine, na eneo lingine hatuna. Kwenye msingi wetu kumeota magugu, na leo nimekuta ng'ombe wa mtu anakula humo ndani. Nilimfukuza kwa mawe.

31 Mei

Mto bado umejaa. Tangu wiki iliyopita Noel anaamka alfajiri, anaingia majini mpaka kiunoni, na anawavusha watoto mgongoni, mmoja mmoja, kisha adhuhuri anarudi kuwavusha tena. Hakuna aliyemtuma. Watoto wanamvuta masikio na kumlilia kama ng'ombe, naye hawajibu. Mimi mwenyewe nilipomchokoza, nikamwambia Mnyamwezi leo ndiye mpagazi wetu kwelikweli, alisema tu, "Habari za asubuhi, Bi Mwanvita." Tangu tufahamiane hajawahi kuniamkia kama watu wengine.

Nimekaa ukingoni siku kadhaa nikimtazama, nikitafuta ana lengo gani. Anataka sifa? Anataka asamehewe? Alawi kamtuma ili tusahau? Nimemgeuza huku na huku kama ninavyowageuza watu wote, na sikupata kitu. Ni mzee anayevusha watoto.

Leo mkondo ulikuwa mkali na watoto walikuwa wengi. Nimevua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia majini upande wangu. Noel akanikabidhi Adila, nikampokea.